Laka Kando ya Ziwa

Sindo ni mji mdogo ulioketi ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika eneo la Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay. Utajwapo mji huu, aghalabu fikra za msikilizaji huenda kwa samaki: mbuta anayekatwa minofu, ngege anayeuzwa kwa mafungu, na omena aliyeanikwa juani juu ya nyavu kuukuu hadi ufuo mzima ung'are kama fedha. Ni nadra mtu kumfikiria seremala. Hata hivyo, vitanda vinavyolaliwa huko, makabati ya maduka na majeneza yanayoteremshwa makaburini kwenye vilima vya Gwasi vyote hutoka mikononi mwa mafundi, na kazi hiyo mara nyingi hufanyika kando ya barabara, chini ya mabati, si mbali na maji.

Mmoja wa mafundi hao ni mtu wa makamo, mwana wa mvuvi, aliyejifunza kazi mjini Kisumu na kurejea nyumbani na kompresa kuukuu, bomba la kupulizia rangi, na ujuzi ambao wakati huo haukuwa na washindani wengi mjini. Katika kuunga mbao wapo wanaompita, naye hukiri hivyo bila kuona haya. Watu humwendea kwa sababu ya jambo moja tu: ulaini. Mnunuzi afikaye karakanani, kabla hajauliza bei, kabla hajafungua mlango wa kabati wala kutikisa miguu ya meza, hunyoosha mkono na kupitisha kiganja juu ya ubao. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Kiganja kikikwama, hata kama ni kwenye chembe ya vumbi isiyozidi punje ya wimbi, mnunuzi husita, na bei hushuka papo hapo. Kiganja kikiteleza, mazungumzo huendelea kwa heshima.

Kiungo kibaya chaweza kufichwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Laka haifichi kitu. Mkwaruzo ambao haukuonekana ubao ulipokuwa mkavu hujitokeza mara tu mng'ao unapoingia, tena ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo kazi ya laka huanza kabla ya laka yenyewe kufunguliwa. Ubao hupigwa randa, kisha msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, daima kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Vumbi hupanguswa, si kwa kitambaa cha kufutia mikono bali kwa kitambaa kilichotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Kisha hupulizwa sila, ambayo ni tabaka la kuziba vinyweleo vya mbao. Sila ikikauka, nyuzi zilizolala huinuka na ubao hukwaruza kama ulimi wa paka. Hapo ndipo msasa laini wa namba 320 huingia, ukipitishwa kwa mkono mwepesi, mpaka unga mweupe uinuke na ukwaruzi ukome. Wanagenzi wengi huichukia hatua hii kwa kuwa haina lolote la kuonyesha. Mtu hupiga msasa nusu siku na mpita njia akaona ubao uleule.

Pana jambo la lugha hapa linalostahili kutazamwa. Kiswahili kina neno la kale, lakiri, lenye maana ya nta ngumu ya kupigia muhuri juu ya barua na vifurushi. Asili yake ni ute wa wadudu wa Bara Hindi, wadudu walewale ambao utomvu wao, ukiyeyushwa katika spiriti, ulitumiwa na mafundi wa zamani kung'arishia samani kwa kusugua na kitambaa. Laka ya leo haina hata tone la mdudu. Neno limesafiri kwa njia mbili: mara ya kwanza kupitia bandari likafika likiwa lakiri, mara ya pili kupitia kopo la dukani lenye maandishi ya Kiingereza likafika likiwa laka. Fundi wa Sindo hajui lakiri ni nini. Akiambiwa, hucheka na kusema kwamba barua za siku hizi hazina muhuri. Msamiati wake wa kazi ni mchanganyiko wa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza kilichosetwa, na humo hamna hata neno moja la Olusuba, lugha ya Kibantu ya Wasuba ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa ikimezwa na Dholuo. Humkumbuka bibi yake akiisema. Yeye mwenyewe amebakiwa na salamu na majina machache ya samaki.

Laka aitumiayo ni ile iliyotokana na selulosi, yaani nyuzi za pamba au mbao zilizotiwa asidi ya naitriki. Mnamo 1846 Christian Friedrich Schönbein, aliyefundisha kemia mjini Basel, Uswisi, aliutangazia ulimwengu kwamba pamba iliyopitishwa katika asidi hiyo hulipuka kuliko baruti. Ndugu yake aliye mpole kidogo, akiyeyushwa katika vimumunyisho, huacha utando mwangavu. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani iliiuza laka ya namna hii kwa jina la Duco, na viwanda vya magari vikaikimbilia, kwa kuwa rangi ya mafuta iliyotumika awali ilihitaji siku nyingi kukauka ilhali hii ilihitaji saa chache. Kutoka kwenye magari ilihamia kwenye samani. Karakana ya Sindo inaitumia kwa sababu ileile: banda halina ukuta wa mbele, na kitu kinachokauka upesi hukusanya vumbi kidogo.

Kukauka upesi ndiko neema yake na ndiko balaa yake. Laka haisubiri mkono ujifikirie. Bomba hushikwa umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ubao, na mkono hauna budi kwenda sambamba na ubao tangu mwanzo hadi mwisho. Kosa la kwanza la kila mwanagenzi ni kuuzungusha mkono kwenye kifundo kama mtu anayefagia uwanja. Katikati hupata laka nyingi kupita kiasi, na pembeni hupata laka iliyokwisha kukauka hewani, ambayo hutua kama mchanga. Kitufe hubonyezwa kabla bomba halijafika ukingoni mwa ubao, na huachiliwa baada ya kuuvuka ukingo wa pili. Kila mpito hufunika nusu ya mpito uliotangulia. Na kabla ya yote hayo, laka huchanganywa na thina, huchujwa kwa kipande cha soksi ya nailoni, na hujaribiwa kwenye kipande cha katoni. Fundi hutazama alama iliyoachwa kwenye katoni kama daktari atazamavyo ulimi wa mgonjwa.

Laka ikiwa nzito, au hewa ikiwa dhaifu, matone hutua bila kuungana, na ubao hutoka na vijibonde kama ganda la chungwa. Ikiwa nyepesi mno, au mkono ukikawia, hutiririka. Fundi husema laka "imelia", na kwa hakika michirizi ile hufanana na machozi yaliyokaukia shavuni. Njia baina ya ganda la chungwa na machozi ni nyembamba, tena hubadilika kila siku kwa kadiri ya joto. Mwanagenzi aliyeikariri jana huipoteza leo.

Zaidi ya hayo kuna mafuta. Tone la mafuta lisiloonekana kwa jicho, hasa mafuta yenye silikoni yaliyomo katika baadhi ya dawa za kung'arishia samani na katika vilainisho vya mashine, huifanya laka ikimbie na kuacha kishimo cha mviringo. Katika lugha nyingi za ufundi vishimo hivyo huitwa macho ya samaki, jina ambalo katika mji wa wavuvi halihitaji maelezo. Hapa pana kinaya kidogo. Katika pwani ya Waswahili, mabaharia walipaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa, ili mbao zistahimili maji ya chumvi. Huko mafuta ya samaki yalikuwa mlinzi wa mbao. Karakanani Sindo, mteja atokaye sokoni na mikono yake ya mbuta huombwa kwa adabu asiguse kitu mpaka anawe.

Jina lenyewe la sekta hii, jua kali, linapotosha katika suala la laka. Watu hudhani jua ni rafiki wa kukausha. Ubao uliopigwa na jua la saa saba huwa na joto kiasi kwamba laka hukauka juu kabla thina iliyo chini haijapata njia ya kutoka; ikitoka baadaye huacha mapovu. Mafundi wa jua kali hulazimika basi kulikimbia jua kali. Wakati wenyewe wa kupuliza, kwa desturi ya fundi huyu, ni baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kivulini, umande wa asubuhi ukiwa umekwisha na upepo wa ziwani haujashika nguvu.

Na hapo ndipo linapoingia suala la ziwa, ambalo vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwingine havilitaji. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku hugeuka ukavuma kuelekea ziwani. Upepo wa mchana huja na unyevu. Thina nayo, inapogeuka mvuke, huiba joto kutoka kwenye ubao. Yeyote aliyewahi kumwagikiwa na thina mkononi anaujua ubaridi huo. Ubao ukipoa kupita kiasi katika hewa yenye unyevu mwingi, hutokea jambo lilelile linaloipata chupa ya soda itolewapo kwenye jokofu: hutoa jasho. Tofauti ni kwamba jasho hili hunaswa ndani ya laka ambayo bado haijakauka, na laka hugeuka nyeupe. Inaweza kuwa ukungu mwepesi tu. Inaweza pia kuwa weupe kamili, kama mtu aliyemwaga maziwa mezani.

Kisha kuna visubi. Huinuka kutoka majini kwa maelfu yasiyohesabika, na kwa mbali wingu lao hufanana na moshi wa mashua inayoungua. Watafiti waliolichunguza ziwa hili katika karne ya 20 walibaini kwamba baadhi ya aina zake huibuka kwa kufuata mwezi. Fundi hakuhitaji mtafiti. Hutazama mwezi kabla ya kukubali tarehe ya mteja. Kisubi kimoja kikitua juu ya laka mbichi hakitoki. Kukitoa kwa kucha ni kuharibu zaidi. Dawa ni kukiacha kikauke, kukisugua kwa msasa na kupuliza upya. Visubi mia moja havina dawa ila kuanza tena. Navyo hupenda taa. Ndiyo maana katika karakana hii hakuna kazi ya laka usiku, hata mteja awe nani.

Kanuni hiyo ilijaribiwa vikali katika masika ya mwaka mmoja, kwa sababu ya jeneza.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu waliotarajiwa kuhudhuria mazishi yake, akiwemo mpwa wa fundi, kijana wa miaka kumi na tisa ambaye ndiye mwanagenzi wa karakana. Agizo lilitolewa siku ya Jumatatu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na jeneza lilitakiwa liondoke Ijumaa alfajiri kwenda mjini Homa Bay kumchukua marehemu katika chumba cha maiti. Mbao zilikuwa za saipresi, zikatiwa rangi ya kahawia iliyokoza. Mvua ilinyesha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Sila, ambayo kwa kawaida hukauka kabla mtu hajamaliza kunywa chai, ilikawia hadi mchana. Alhamisi jua lilichungulia, na baina ya saa tano na saa nane tabaka mbili za laka zikaingia salama. Lilibaki la tatu, ambalo ndilo huleta kina. Fundi aliamua lingoje kesho yake, akapanda pikipiki kwenda Mbita kutafuta vishikio vya chuma.

Alipokuwa njiani, mwana mkubwa wa marehemu alifika karakanani na jamaa zake. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuwa imetoka kupita, upepo umelala, na hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Aliliona jeneza, akaliona limekauka lakini halina ule mng'ao aliouona kwenye majeneza mengine. Aliuliza limebakiza nini. Kijana akajibu kwamba limebakiza tabaka moja. Akaulizwa kama yeye mwenyewe hawezi kulimalizia. Katika mila za huko, kama zilivyo mila za kwingi, si rahisi kijana wa miaka kumi na tisa kumwambia mfiwa aliyemzidi umri kwamba hapana. Aliwasha kompresa.

Baada ya dakika chache kifuniko chote kilikuwa kimegeuka cheupe.

Fundi alirejea saa moja usiku akawakuta wamesimama chini ya balbu, hakuna anayezungumza. Hakumwuliza mpwa wake kitu. Aliwasalimu wageni mmoja mmoja na kuwapa pole, kisha akainama kulitazama jeneza.

"Jaduong'," mwana wa marehemu alisema, akimwita kwa heshima ya wazee, "gari litafika saa kumi na moja alfajiri. Utapuliza usiku huu, sivyo?"

"Usiku huu sipulizi. Nikipuliza sasa nitaongeza weupe juu ya weupe. Na balbu hii inaita visubi."

"Basi tutalichukua lilivyo."

"Mkitaka mtalichukua, ni lenu. Lakini watu watakuja kumwaga mwalimu, na hili ndilo watakaloliona kwanza."

"Gari limekwisha kulipiwa. Nikilichelewesha nitalilipia mara ya pili. Nani atalipa?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na fundi hakuwa na jibu lake. Aliyelikata shauri alikuwa dada wa marehemu, bibi kizee aliyekuwa ameketi kwenye rundo la mbao tangu jioni. Aliinuka, akaja akapitisha kiganja chake juu ya kifuniko, polepole, kutoka upande wa kichwa hadi upande wa miguu.

"Ni laini," alisema. "Ila kimeingia ukungu. Ngojeni jua."

Wageni walipoondoka kijana alileta rai. Waliwashe jiko la makaa, waliweke chini ya jeneza, joto liufukuze unyevu. Rai hiyo si ya kipumbavu. Joto kweli huondoa unyevu. Lakini fundi aliikataa kwa ukali ambao haukuwa desturi yake. Aliokota kipande kikavu cha laka iliyoganda kwenye mdomo wa kopo, akatoka nacho nje mbali na banda, akakiwashia kiberiti. Kiliwaka kwa mwali mmoja na kutoweka. Hakumtaja Schönbein, kwa kuwa hamjui. Alisema tu kwamba mvuke wa thina hutambaa chini kama maji, hulifuata jiko lilipo, na kwamba aliwahi kuona banda la Kisumu lililokuwa na jiko.

Laka ina tabia moja iliyoliokoa jeneza lile. Vanishi ya mafuta ikikauka imekauka; tabaka jipya hukaa juu ya la zamani kama jani juu ya jani. Laka ya selulosi hubaki tayari kuyeyuka tena. Tabaka jipya huliyeyusha kidogo lililo chini yake, na yote mawili yakawa moja. Kwa sababu hiyo weupe unaweza kutibiwa pasipo kukwangua. Tabaka lililougua hupuliziwa thina inayokauka polepole. Laka hulainika, maji yaliyonaswa hupata nafasi ya kutoka, na utando hujifunga upya ukiwa safi. Thina hiyo ya polepole haikuwa ikiuzwa mjini. Fundi alikuwa na nusu chupa aliyoihifadhi kwa ajili ya masika.

Ijumaa alfajiri gari lilikuja, dereva akaambiwa asubiri. Fundi alianza kwa kufungua kizibo kilicho chini ya tangi la kompresa. Hewa ikibanwa huachilia maji yake, na maji hayo, yasipotolewa, hurushwa na bomba pamoja na laka. Yalitoka kiasi cha kikombe, yenye rangi ya kutu. Kisha akangoja. Dereva alipiga honi mara mbili. Saa tatu fundi alijaribu kwenye kipande cha ubao alichokuwa amekipuliza sawa na jeneza; kikabaki na ukungu. Saa tatu na nusu ikawa hivyohivyo. Saa nne kasorobo kipande kilikauka kikiwa kioo. Ndipo alipolivuta jeneza kivulini, akajaza bomba thina ya polepole na laka kidogo sana, akasogea nyuma kuliko kawaida na kuupitisha mkono mara moja tu, kwa unyunyu uliokuwa hauonekani vizuri hata dhidi ya mwanga.

Kwa muda hapakutokea kitu. Halafu weupe ulianza kurudi nyuma kutoka pembeni, rangi ya kahawia ikatokeza, kisha nyuzi za saipresi, kisha fundo moja la mbao karibu na kichwa ambalo lilikuwa limetoweka kabisa. Kijana alitaka kulipuliza tena ili kuhakikisha. Fundi alimshika mkono.

Jeneza liliondoka saa saba mchana. Marehemu alifika kwake usiku badala ya alasiri, na baadhi ya waombolezaji waliokuja kutoka mbali walikuwa wamekwisha kuondoka. Familia ilikata gharama ya pili ya gari kutoka kwenye malipo ya fundi, naye hakubishana, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa haki kama gharama hiyo ilikuwa yake peke yake. Upande wa miguu, chini ya ukingo wa kifuniko, palibaki doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Fundi aliliona. Mpwa wake aliliona. Hakuna mwingine aliyelitaja, na sasa liko ardhini.

Kilichosalia juu ya ardhi ni kifua cha kijana. Jioni ile ya Alhamisi alikuwa amepuliza ndani ya banda lisilo na upepo, akiwa amejifunga leso puani, na usiku kucha aliumwa na kichwa na kutapika. Haikuwa mara ya kwanza, ila ilikuwa mara ya kwanza mama yake kuiona. Leso huzuia matone. Mvuke wa thina, ambao huwa na kemikali zinazodhuru neva na ini, hupita kwenye leso kama maji kwenye ungo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imempa mwajiri jukumu la kumkinga mfanyakazi wake, lakini sheria hiyo haina miguu ya kuifikisha kwenye kila banda la mabati. Iliyofika ni miguu ya dada yake fundi.

"Nilikuletea mtoto umfundishe kazi," alimwambia mbele ya wateja. "Sikukuletea kifua chake."

Laiti angeijua historia ya lile bomba, pengine angekasirika zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Ohio, Marekani, Allen DeVilbiss, alibuni kifaa cha kurushia dawa kwa unyunyu hadi ndani ya koo za wagonjwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanawe alikigeuza kifaa hicho kiwe cha kurushia rangi, na jina la familia hiyo bado limechorwa kwenye mabomba yanayouzwa kote duniani. Chombo kilichozaliwa ili kuponya koo ndicho kilichokuwa kikimkausha koo kijana wa Sindo.

Barakoa yenye vichujio vya makaa iliagizwa kutoka Kisumu wiki mbili baadaye, kwa sehemu ya malipo ya kabati la duka. Ilikuwa moja tu, na kwa siku kadhaa palizuka mzozo ambao watu wa nje wangeuona wa kuchekesha: kila mmoja alidai mwenzake ndiye aivae. Fundi alisema mapafu yake yamekwisha kuzoea, jambo ambalo si kweli kwa mapafu ya mtu yeyote. Kijana alisema mjomba hawezi kusimama bila kinga ilhali yeye amejifunika. Hatimaye waliafikiana kwamba anayepuliza huvaa na asiyepuliza hutoka nje ya banda kabisa, hata kama kuna mteja. Tangu hapo ni kijana anayepuliza zaidi. Mkono wake bado huzunguka kidogo kwenye kifundo afikapo ukingoni, na fundi, akiwa amesimama barabarani, hupiga kelele ambazo kompresa humeza.

Makaa ya kichujio huendelea kunyonya mvuke hata barakoa ikiwa imetundikwa ukutani, na baada ya siku chache huwa yamejaa bila mtu kuivaa. Kwa hiyo jioni, kazi ikiisha, kijana huifuta, huitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililooshwa kwa sabuni mara tatu, na hulifunga kifuniko kwa utepe wa mpira.